Faida Inayoliwa na Kusubiri

Chukua muuzaji wa Kisumu anayepeleka glavu, vijiti vya kupimia sukari na vitendanishi vya maabara katika hospitali za kaunti za Migori na Homa Bay. Tuseme amenunua mzigo wa shilingi milioni moja kwa mkopo wa benki, riba asilimia 16 kwa mwaka, na kaunti itamlipa 1,150,000. Akilipwa baada ya siku 30, riba imekula kama 13,000. Akilipwa baada ya siku 180, imekula karibu 79,000, zaidi ya nusu ya faida. Mwaka ukipita bila malipo, riba ni 160,000 na ameuza kwa hasara, ingawa hakuna aliyempunguzia bei hata senti.

Hiyo ndiyo hesabu ya mtaji wa kuzungusha: siku ambazo mzigo unakaa stoo, jumlisha siku za kungoja malipo, kisha toa siku ambazo mwagizaji wa Nairobi anayekuuzia mzigo amekubali kukusubiri umlipe. Panapoumiza zaidi ni pale katikati. Kaunti hutegemea mgao wa Hazina ya Kitaifa, na mgao huchelewa. Hospitali nazo husubiri bima izilipe, na tangu Oktoba 2024 madai ya malipo hayo yanapitia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani.

Nenda maabara uone. Kampuni nyingi huweka mashine ya kupima damu bila kuiuza. Hospitali hujifunga kununua vitendanishi vyake. Mtaji wa muuzaji basi umekaa juu ya meza ile, unarudi kidogo kidogo kwa kila pakiti inayolipiwa. Deni likizidi, pakiti hukoma kuja. Mashine ni nzima, stima ipo, mtaalamu wa maabara yupo, lakini mama anayesubiri upasuaji anaandikiwa karatasi akapime nje ya lango kwa pesa zake. Hili linaniuma sana.

Kujikinga na upungufu huo kwa kujaza stoo nako kuna gharama. Vijiti vingi vya sukari hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na stoo ya mabati kule Mbita, mchana wa Februari, haiwezi. Kinachobaki kwa muuzaji ni kupandisha bei ya tenda ili riba ya kusubiri iwemo ndani, na wakazi wa Awendo na Oyugis ndio wanaoilipa.

Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya imeziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya. Sehemu ya makusanyo ya maabara itengwe kwa vitendanishi, na tenda itamke malipo ndani ya siku 30. Muuzaji naye apeleke mzigo mdogo kila mwezi. Katika mfano wetu, kutoka siku 180 hadi 30 kunaokoa karibu 66,000 kwa kila milioni. Hapo ofisa wa ununuzi ana haki ya kudai bei ishuke.