Pweza wa Mraba wa d3

Katika sataranji, kama katika sayansi, dhana mpya haina budi kupimwa. Mfano mmoja ni mchezo wa 16 wa kuwania ubingwa wa dunia, uliofanyika Moscow mwezi Oktoba 1985. Bingwa Anatoly Karpov alicheza kete nyeupe, na Garry Kasparov, kijana wa miaka 22, kete nyeusi. Baada ya michezo 15, kila mmoja alikuwa na pointi 7.5.

Karpov alianza kwa kitunda cha mbele ya mfalme, hadi e4. Kasparov alijibu kwa kitunda cha c5. Jibu hilo, liitwalo Ulinzi wa Sisilia, hushindania kitovu cha ubao kutoka ubavuni. Katika hatua ya 8 alisukuma kitunda hadi d5 na kukitoa mhanga. Dhana yake ilikuwa kwamba hasara hiyo ingefidiwa na wepesi wa kete zake.

Katika hatua ya 16, farasi mweusi alitua d3. Hapo hutawala miraba minane, kama pweza na mikono yake minane. Ndiyo maana farasi huyo alipewa jina la pweza. Kwa kuwa c1 na e1 zilikuwa miongoni mwa miraba hiyo, ngome nyeupe zilikosa njia. Kete za Karpov zilikuwa nyingi zaidi, lakini hazikuweza kufanya kazi.

Hatimaye, katika hatua ya 34, malkia mweupe alimla pweza. Papo hapo farasi mweusi wa pili akamshambulia mfalme na malkia kwa pamoja, na malkia akapotea. Karpov alikubali kushindwa baada ya hatua ya 40. Mwezi Novemba Kasparov alitwaa ubingwa kwa pointi 13 dhidi ya 11.

Je, ushindi huo ulithibitisha dhana? La. Mwaka 1986, mjini Brussels, John van der Wiel aliirudia njia hiyo dhidi ya Karpov. Safari hii, katika hatua ya 12, Karpov hakumhifadhi mfalme wake kwa ngome, bali alimpeleka askofu e3. Nyeusi akimla askofu huyo, malkia mweupe hutoa shaha kutoka a4, kisha humla farasi wa b4 kabla hajafika d3.

Hivyo aliyeshindwa ndiye aliyeonyesha kosa. Tokeo moja jema halitoshi kuthibitisha dhana. Hubidi ijaribiwe tena, hasa na yule anayeitilia shaka.