Mdudu Aliyengoja Jina

Twajua ya kuwa wengi wenu hufagia ua kila asubuhi, kisha huyakusanya majani makavu na kuyatia moto. Kabla hamjawasha kiberiti, twawaomba msome kwanza habari za mbawakawa mmoja wa Kenya.

Katika mwaka 1964 na 1965 mtaalamu mmoja, jina lake William Block, alikuwa akikusanya udongo na majani yaliyooza huko Kenya. Wadudu waliopatikana humo walitiwa katika spiriti wasiharibike. Mwaka 1978 wakawekwa katika jumba kubwa la makumbusho ya viumbe huko London. Wakakaa humo miaka mingi, wala hapana aliyejua ya kuwa mmoja wao hajapata kuandikwa katika kitabu cho chote.

Hata mtaalamu mwingine, Michael Darby, akawachungua kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, akamwona mdudu wa ajabu. Rangi yake manjano hafifu, yakaribia dhahabu. Hana macho, wala hana mbawa za kurukia. Bali ana vipapasio virefu kichwani. Urefu wake haufiki milimita moja: ni 0.79 tu. Mwalimu, twaa rula ya shule, uwaonyeshe watoto nafasi iliyo kati ya vistari viwili vidogo kabisa. Mdudu huyu aweza kulala humo, na nafasi ikabaki.

Mwaka 2019 Darby alimwandika katika gazeti la wataalamu wa wadudu, akamwita Nelloptodes gretae. Desturi hii ya majina mawili ya Kilatini ilithibitishwa kwa wanyama na Mswidi, Carl Linnaeus, mwaka 1758. Jina la kwanza ni kama la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Hilo la pili lamheshimu Greta Thunberg, msichana wa Uswidi, ambaye mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 15, aliketi mbele ya bunge la nchi yake kuwaonya wakubwa juu ya kuharibika kwa hali ya hewa ya dunia. Wengine wamevifananisha vile vipapasio na nywele zake alizozisuka.

Jamaa za mdudu huyu hukaa katika majani yanayooza na kula ukungu. Ni wadogo hata wengi wao mama hutaga yai moja moja tu, maana yai lenyewe ni kubwa mno kwa mwili wake. Wenye mbawa kati yao, mbawa zao zafanana na manyoya ya ndege. Mahali penye giza kama hapo macho yafaa nini? Kupapasa kwatosha.

Labda mtu atauliza, “Kiumbe asiyeonekana ana faida gani kwetu?” Na ajibiwe hivi: majani ya msituni hayageuki udongo yenyewe. Ukungu, wadudu na minyoo, kila mmoja huifanya sehemu yake, na kwa kazi yao mti hulishwa na jani lake uliloliangusha. Msitu ukikatwa na ardhi ikichomwa, twaiona miti ikianguka, lakini hatuwaoni hawa walio chini yake. Mdudu wetu alingoja jina zaidi ya miaka 50 salama ndani ya spiriti. Wenzake walioko udongoni hawana chupa ya kuwalinda. Mbawakawa waliokwisha kupewa majina ni kama aina 400,000, na wasio na majina wangali wengi. Nani atamlilia asiyemjua?

Basi, walimu, chukueni konzi moja ya majani yaliyooza, mkayatandaze juu ya kitambaa cheupe, watoto watazame kwa utulivu na kuhesabu watakayoyaona yakitembea. Kisha yarudisheni mahali pake. Nanyi wazazi, msichome yote. Wekeni lundo moja pembeni mwa ua. Majani yakiisha kuoza mtapata udongo mweusi wa kutia katika bustani ya mboga, na wafanyakazi wake hawatawadai mshahara.