Kazi yako, jina lako, masharti yako

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka taratibu]

Karibu katika kipindi chetu kutoka Kampala. Tunakusalimu uliyeko Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Kyaka II, pamoja na wewe unayeishi hapa mjini, Nsambya, Katwe au Kisenyi. Na kama unasoma karatasi hii kwa sababu betri ya redio imekwisha, karibu nawe.

Leo tunazungumza juu ya mali ambayo hakuna aliyeweza kukunyang'anya njiani: hadithi unazozijua, nyimbo unazotunga, michoro ya mikono yako. Mali hiyo ni ya nani ukishaifikisha hapa? Na ukitaka kuigawa, utaigawaje bila kuipoteza?

Tuseme wewe ni mama. Kila jioni unawasimulia watoto wa jirani hadithi. Mwalimu mmoja amezisikia, akakuomba uziandike kwenye daftari. Mwezi unaofuata unakuta hadithi yako imechapishwa kijitabu, kinasomwa katika darasa la tatu. Umefurahi, watoto wanasoma. Lakini jina lako halipo. Na huko sokoni kuna mtu anakiuza kijitabu hicho hicho. Je, una la kusema?

Unalo. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Sheria hiyo inamlinda mtu aliyetunga kazi yake mwenyewe, akaiandika, akaichora au akairekodi. Haiulizi kama kazi ni nzuri au mbaya. Na haiwalindi raia peke yao, bali hata mkazi wa Uganda. Haki inaanza siku ile kazi ilipowekwa kwenye daftari au kwenye simu, bila kulipa na bila kupiga mhuri popote. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ofisi ya serikali ya usajili, URSB, iliyoko Kampala, inasajili kazi kwa anayetaka ushahidi zaidi, lakini haki yako haingojei usajili huo.

Angalia jambo moja. Wimbo ulio kichwani tu haujalindwa. Uandike au urekodi. Na hadithi ya sungura na fisi tuliyorithi kwa mababu haina mwenyewe mmoja. Kilicho chako ni maneno uliyoiandikia.

[Muziki mfupi]

Sasa tugeuze upande wa pili. Sheria ikiachwa hivyo hivyo, kwa kawaida mtu haruhusiwi kunakili kazi yako bila kukuuliza. Mwalimu wa Bidi Bidi anayetaka kuwachapishia watoto 80 hadithi yako atakupata wapi? Huenda umehamishwa, huenda umebadilisha namba ya simu. Mwalimu mwaminifu ataiacha. Asiye mwaminifu ataichukua tu. Kwa vyovyote, wewe hukupata unachotaka.

Ndipo linapoingia jambo la leseni huria. Leseni ni ruhusa iliyoandikwa mapema, inayokaa juu ya kazi yenyewe: "Wewe usiyenijua, unaweza kufanya hili na hili, ila kwa sharti hili." Leseni zinazojulikana zaidi duniani ni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza mwishoni mwa 2002. Ziko sita, na hazilipiwi. Utazitambua kwa herufi zake, na herufi hizo si ngumu.

BY maana yake: taja jina langu. Sharti hili limo katika leseni zote sita.

NC maana yake: usiitumie kwa biashara.

ND maana yake: unaweza kuigawa kama ilivyo, lakini usigawe iliyobadilishwa. Hata tafsiri ni mabadiliko.

SA maana yake: ukiibadilisha na kuitoa, nawe itoe kwa leseni hiyo hiyo, usiifungie wengine mlango.

Herufi hizi zinaunganishwa. Ukiona BY-NC chini ya kitabu, unaweza kukinakili, kukitafsiri kwa Kinyarwanda au Kilingala, na kukigawa bure shuleni, mradi umtaje mwandishi. Kukiuza kwa faida, hapana. Lakini mwandishi mwenyewe bado anaweza kukiuza. Masharti hayo yanawafunga wengine, hayamfungi mwenye kazi.

Je, jambo hili linafanya kazi kweli? Mfano upo karibu nasi. Mwaka 2014 shirika la elimu la Saide la Afrika Kusini lilifungua African Storybook, maktaba ya hadithi za watoto kwenye intaneti. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kushiriki. Humo mna hadithi kwa Luganda, Lugbarati, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, kwa leseni huria. Mwalimu anaweza kuchapisha hadithi bila kuomba barua ya mtu, au kuitafsiri kwa lugha ya darasa lake. Kwa ruhusa hiyo hiyo, hadithi 40 kati ya hizo zilifika Canada, zikatafsiriwa kwa lugha zinazozungumzwa na familia zilizohamia huko. Hadithi ya kijijini ilisafiri bila viza, na jina la mwandishi lilisafiri nayo.

[Muziki mfupi]

Kabla hujaandika herufi hizo chini ya kazi yako, sikiliza mambo matano. Kwako wewe mkimbizi yana uzito wa pekee.

La kwanza. Leseni ya Creative Commons hairudishwi. Unaweza kuacha kuigawa kazi yako, lakini aliyekwisha kuipata kwa leseni hiyo ataendelea kuitumia kwa masharti yale yale. Kama wimbo huo ndio unaokulisha kwenye harusi na kwenye studio, usiutoe kwa haraka. Unaweza kutoa wimbo mmoja na kubaki na tisa. Na kama umejiunga na chama cha kukusanya malipo ya wanamuziki, kiulize kwanza.

La pili. Huwezi kutoa kisicho chako. Ukiimba maneno yako juu ya mdundo wa mtu mwingine, mdundo huo bado ni wake.

La tatu, usalama wako. Leseni inataka jina litajwe, lakini si lazima liwe jina lililo kwenye kitambulisho chako. Kama kuna watu usiotaka wajue uliko, tumia jina la kisanii, na usiandike kijiji ulichotoka wala eneo unalokaa. Katika toleo la 4.0 la leseni hizi unaweza pia kuomba jina lako liondolewe, na anayetumia kazi anapaswa kuliondoa kadiri inavyowezekana. Lakini nakala zilizokwisha kuchapishwa haziitwi zirudi. Fikiri mapema.

La nne, sura za watu. Ukipiga picha, hakimiliki ya picha ni yako, lakini sura iliyomo si yako. Leseni haitoi ruhusa kwa niaba ya mama aliyesimama kwenye foleni ya maji. Muulize yeye. Kama ni mtoto, waulize wazazi wake pia.

La tano, fomu. Nchini Uganda, ukichora au ukiandika kazi kwa kuajiriwa au kwa kuagizwa, hakimiliki inakuwa ya aliyekuajiri au aliyekuagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Wengi wetu hatulijui hilo mpaka tuone mchoro wetu kwenye kalenda. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi au dole gumba, uliza maswali matatu: Kazi itabaki ya nani? Jina langu litaandikwa? Itatumika wapi? Omba usomewe fomu kwa lugha unayoielewa, na ubaki na nakala. Kuuliza si utovu wa shukrani.

Ukiridhika na hayo yote, kilichobaki ni mstari mmoja chini ya kazi yako. Andika jina ulilochagua, mwaka, kisha: "Kazi hii imetolewa kwa leseni ya Creative Commons BY-NC 4.0", au herufi nyingine ulizochagua. Kama ni wimbo, sema maneno hayo mwishoni mwa rekodi.

Na yule mama wetu wa hadithi? Angeandika mstari huo kwenye daftari kabla ya kumkabidhi mwalimu, watoto wangesoma vile vile. Tofauti ni kwamba wangejua hadithi imetoka kwa nani, na muuzaji wa sokoni angejua mapema kwamba hajaruhusiwa.

Wiki hii chukua daftari. Andika hadithi moja ambayo unahofu itapotea. Leseni utaichagua baadaye, au hutaichagua kabisa. Uamuzi ni wako. Lakini iandike.

Mpe jirani karatasi hii naye asome.

[Muziki wa kufungia]