Leja za Hertfordshire na Moyo Uliojengwa Tumboni

Mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire kaskazini mwa London, muuguzi mkuu Ethel Margaret Burnside aliwapa wakunga na wauguzi wake kazi iliyoonekana ya kikarani tu. Kila mtoto apimwe uzito anapozaliwa, apimwe tena anapotimiza mwaka, na yote yaandikwe kwenye leja, ikiwemo kama ananyonya ziwa au chupa. Waingereza wakati ule walihofia vifo vya watoto wachanga. Mioyo ya wazee haikuwa hoja.

Miaka ya 1980 leja hizo zilimfikia Profesa David Barker wa Southampton, mtu aliyekuwa na fumbo lake. Maradhi ya moyo yalisemwa kuwa ya watu wenye shibe, lakini ramani za Uingereza na Wales zilionyesha yanaua zaidi sehemu maskini, zile zile ambako watoto wengi walikufa wachanga miaka ya 1921 hadi 1925. Mwaka 1989 yeye na wenzake walitoa habari za wanaume 5,654 waliozaliwa Hertfordshire kati ya 1911 na 1930. Waliokuwa wepesi kuliko wote walipozaliwa na walipofikisha mwaka ndio walioongoza kwa vifo vya maradhi ya moyo.

Wengi walimpinga aliposema chanzo ni maisha ya tumboni, na hawakukosa hoja. Mtoto wa maskini huzaliwa mdogo, kisha hukulia katika umaskini ule ule. Utajuaje kilichomuua ni tumbo la mama au ni maisha?

Jibu moja lilitoka Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani waliokuwa wakiikalia nchi hiyo vitani walizuia chakula kuingia magharibi mwake, na mgawo wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Njaa iliwakumba wenye nacho na wasio nacho, ikakoma nchi ilipokombolewa Mei 1945. Watafiti waliwafuatilia watoto waliozaliwa Amsterdam miaka hiyo hadi walipofikia kama miaka 50. Waliokutwa na njaa mimba ikiwa changa walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 8.8, ilhali wenzao ambao njaa haikuwagusa tumboni walikuwa na asilimia 3.2. Na hapa ndipo penye ajabu: wengi wao walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa. Mizani, kumbe, haioni kila kitu.

Kinachotokea ndani kinaeleweka kwa sehemu. Lishe inapopungua, mwili wa kijusi hutanguliza ubongo, na viungo vingine husubiri. Figo ni mfano mzuri. Vichujio vyake vidogo hutengenezwa tumboni hadi kama wiki ya 36 ya mimba, na baada ya hapo haviongezeki tena. Aliyezaliwa na vichache huvitumikisha zaidi, na presha hupata mlango. Kuta za ateri nazo hupata nyuzi zao za mnyumbuko zaidi kabla ya kuzaliwa na utotoni. Zikipungua, mishipa hukakamaa mapema.

Jiji la Leningrad huko Urusi, lililozingirwa na kukumbwa na njaa kuanzia 1941 hadi 1944, lilileta habari tofauti. Uchunguzi wa 1997 haukuona tofauti kubwa kwa waliokuwa tumboni wakati wa njaa ile. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba huko dhiki iliendelea baada ya kuzaliwa, ilhali Waholanzi walirudia shibe upesi. Utafiti uliofanywa Helsinki, Finland, unaelekea huko huko: hatari ilikuwa kubwa kwa waliozaliwa wadogo kisha wakanenepa haraka utotoni.

Mama asibebeshwe lawama kwa haya. Sigara na presha isiyotibiwa bado ni hatari kubwa kwa moyo, na mtoto hudumaa tumboni kwa sababu nyingi zisizotokana na uzembe wa mtu. Afrika Mashariki mojawapo ni malaria: vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na kubana chakula kinachomfikia mtoto, hata mama asipoumwa homa. Ndiyo maana kliniki humpa mjamzito dawa ya SP ya kuzuia malaria ameze mbele ya muuguzi, hata akisema hajisikii mgonjwa.