Ruzuku Inayookoa Palizi

Kufika Januari, ghala la mkulima maskini wa Ikungi au Mkalama, mkoani Singida, huwa linakaribia kuwa tupu, na palizi ndiyo kwanza imewadia. Mvua za Singida ni msimu mmoja tu. Asiye na chakula huuacha mtama wake ukisongwa na magugu, akaenda kulima kibarua kwa jirani, na hivyo kujiandalia njaa ya mwaka ujao. Hapo ndipo fedha taslimu zinapofaa: zinanunua unga leo, na zinamwachia mtu siku zake za palizi.

Mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini, ulioanza 2012, ulitanguliwa na majaribio ya 2010 katika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, wilaya ya mkoa wa Dodoma yenye ukame kama wa Singida. Kaya zilizolipwa katika majaribio hayo zilijiunga zaidi na bima ya afya, zikaongeza mbuzi na kuku. Wapo wasemao fedha hizo huishia kilabuni. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti za nchi nyingi mwaka 2014: kwa wastani, matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Hoja nzito zaidi ni kwamba ruzuku ni ndogo, na ni kweli. Haichimbi kisima wala haipandishi bei ya alizeti. Lakini kuku aliyenunuliwa kwa ruzuku huuzwa mtoto akiugua, mbegu ikabaki. Malipo yakichelewa hadi palizi ipite, sehemu kubwa ya faida ya ruzuku hupotea, hata kiasi kikiwa kilekile.