Umeme darini: Taa haina neno, soketi ina masharti yake

KATIKA vilima vya Gesima, Kaunti ya Nyamira, dari halijawahi kuwa nafasi tupu. Nyumba za kale za Wagusii zilikuwa na dari juu ya meko, ambapo moshi ulikausha wimbi na kufukuza wadudu. Leo nyumba nyingi ni za mabati, lakini bado wapo wanaohifadhi mahindi huko juu, na wengine hupageuza mahali pa watoto kusomea.

Umeme nao umefika vijijini. Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile, na ada ya kuunganishiwa umeme ikapunguzwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Mwenye nyumba aliyekwisha kupata mita huona ni jambo dogo kumwita fundi avute waya kutoka taa ya sebuleni, aweke darini balbu moja na soketi moja.

Balbu haina neno. Ile ya LED ya wati 9 haitumii hata sehemu ya kumi ya ampea. Tatizo ni soketi, kwa kuwa hakuna ajuaye kesho itachomekwa nini. Pasi ya wati 2,000, kwa umeme wa volti 240, huvuta zaidi ya ampea nane, ilhali njia ya taa aghalabu hulindwa na fyuzi ya ampea tano. Fyuzi itakatika, kama ipasavyo. Hatari huanza pale mtu anapochoka kuibadilisha na kuweka kipande cha waya mnene mahali pake. Tangu hapo hakuna kinachozuia waya wa taa kupata moto, tena chini ya mabati yaliyochomwa na jua, na pengine umelaliwa na magunia.

Kwa hiyo, soketi za darini hupewa njia yake zenyewe kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Waya uwe wa milimita mraba 2.5 badala ya 1.5 wa taa, na swichi ya kinga isizidi ampea 20. Kiongezwe pia kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja kwa miliampea 30, kiwango kinachokusudiwa kumwokoa binadamu.

Nyaya zipitishwe ndani ya paipu za plastiki kandokando ya boriti, kwa sababu panya hufuata nafaka na hutafuna hata waya. Maungio yote yawe ndani ya visanduku. Waya uliochubuka ukigusa mabati, paa zima laweza kubeba umeme. Ndiyo maana waya wa ardhini ni wa lazima. Hata hivyo, waya huo hauzuii radi, ambayo si ngeni katika nyanda za Kisii. Wingu likitanda, vyombo vichomolewe.

Kabla ya kazi kuanza, swichi kuu izimwe na nyaya zipimwe kuhakikisha hazina umeme. Kisheria, kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwenye nyumba ana haki ya kuiona leseni hiyo kabla fundi hajapanda ngazi.