Kofia ya Vito: Bandi Kwanza, Cherehani Baadae

Ndugu wanachama,

Karafuu ina msimu wake, na msimu ukipita nyumba yataka chakula vile vile. Wenzetu wa Chwaka, ambako ardhi ni ya mawe na mikarafuu haistawi kama huku magharibi, wayajua haya zaidi. Basi leo twaleta khabari ya sindano, isiyongoja msimu.

Kata nguo mbili nyeupe za pamba, ya juu na ya bitana. Zipige bandi kwanza zisiteleze. Chora maua kwa kalamu ya risasi, toboa vitundu, kisha kila kimoja ukizungushie uzi kwa mkono. Vaa subana, usijichome. Cherehani ije mwisho, kuunga ubavu na sehemu ya juu. Kofia ikifuliwa, ivishwe faruma isirudi.

Anaeruka bandi hupata siku moja, lakini nguo hukunjamana, maua hupinda, na kazi ya wiki nyingi huuzwa kwa bei ya hasara. Kofia za mashine zaletwa kutoka ng'ambo kwa bei ndogo. Hatutazishinda kwa haraka. Tutazishinda kwa mkono.

Wafundisheni watoto sindano kabla ya cherehani.

Wassalaam,
Katibu